Mbuzi wa Kihambani: Chakula Chake na Malezi Yake



Leo twataka kuzungumza habari za mbuzi, na hasa mbuzi wa kihambani, yaani yule asiyetoka kwenda malishoni, bali hukaa bandani mwaka mzima akingoja kuletewa chakula. Maneno yetu ni kwa wale waliopata mbuzi kwa mara ya kwanza: mama aliyepewa jike katika kikundi chake, kijana aliyenunua wawili mnadani baada ya kuuza kahawa, mtoto wa shule aliyeachiwa mbuzi na babu yake. Wafugaji wa siku nyingi wasichukizwe wakisikia mambo wanayoyajua. Wao na wakae wasikilize kama twasema sawasawa.

Huko chini nyikani mbuzi ana miguu, tena ana ulimi wa kuchagua. Hutembea tangu asubuhi akichuma jani hapa na ganda la mgunga pale, na tawi likiwa juu husimama kwa miguu ya nyuma mpaka alifikie. Jani asilolipenda huliacha akaenda zake. Mbuzi wa kihambani hana miguu hiyo wala uchaguzi huo. Hula kile tulichomletea, hunywa kile tulichomtekea, na tusipoleta kitu hulala na njaa. Akikonda, hatuwezi kusingizia malisho ya nchi, maana malisho yake ni mikono yetu.

Watu wa mlima huu wamefuga kwa namna hii tangu zamani sana. Toka Siha na Machame mpaka Rombo, ng'ombe na mbuzi walikaa ndani ya nyumba ya msonge pamoja na wenyeji wao, na mama wa nyumba alishuka tambarare kukata majani, akapanda tena na mzigo juu ya ngata, mwendo wa kuchosha kabisa. Samadi ilikwenda migombani, na mgomba ulirudi kuwa chakula cha mnyama. Kazi hiyo ingali ikiendelea, lakini ardhi imepungua. Wataalamu walioandika habari za vihamba mwaka 1984 walitaja wastani wa hektari 0.68 kwa kihamba kimoja, na tangu hapo kina baba wamewagawia wana, na wana nao wanawagawia wajukuu. Tena msitu wa juu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kukata majani humo si jambo la kujiendea tu. Ndiyo sababu watu wengi ambao baba zao walifuga ng'ombe wameona afadhali mbuzi, kwa kuwa mzigo unaomalizwa na ng'ombe mmoja wa maziwa huwatosha mbuzi kadhaa.

Iko pia desturi ya zamani ya kuwekesha mifugo. Mwenye wanyama wengi alimpa jirani asiye na kitu mnyama wa kumtunzia, na mtunzaji akapata maziwa na samadi kwa taabu yake. Siku hizi desturi hiyo imevaa nguo mpya, nayo huitwa kopa mbuzi, lipa mbuzi: mtu hupewa jike bila kutoa fedha, naye hulipa kwa kumtoa mtoto jike ili apewe mwenziwe anayefuata. Ni mpango mwema. Lakini jike akifa katika mwezi wa pili kwa kulishwa vibaya, hasara si ya mtu mmoja. Yuko mama mwingine aliyekwisha jenga banda, naye anangoja zamu yake.

Basi tuseme habari ya chakula, maana hapo ndipo wengi hupotea, wala si kwa uvivu. Mtu huona kihamba chake kimejaa migomba. Akivuna ndizi hubaki na shina kubwa, nalo hulikatakata akamtupia mbuzi. Mbuzi hula, tumbo hujaa, ubavu wa kushoto huvimba kidogo kama wa mnyama aliyeshiba, na mwenye mbuzi hulala akiwa na moyo mweupe. Baada ya miezi miwili mifupa ya mgongo inahesabika, manyoya yamesimama, na maziwa hayafiki kikombe. Huwapo wanaosema kwamba mbuzi amelogwa! Wala hakulogwa. Ameshiba, na papo hapo ana njaa.

Tufanye hesabu kidogo, nanyi wanafunzi mwaweza kuiandika. Jike wa kienyeji aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 25 hivi, au 30. Kwa siku moja ahitaji chakula ambacho, kama kingekaushwa maji yote, kingebaki sehemu 3 au 4 katika kila 100 za uzito wake, yaani karibu kilo 1. Majani mabichi mazuri yana maji kama sehemu 4 katika 5, kwa hiyo ili apate kilo 1 kavu yampasa ale kilo 5 za majani. Hiyo yawezekana. Lakini shina la mgomba lina maji zaidi ya sehemu 9 katika 10. Kilo 1 kavu humtaka ale zaidi ya kilo 10 za mgomba, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Hata angeweza kuzila, ndani yake hamna vile vitu vya kujenga mwili na kuleta maziwa, ambavyo hupatikana katika majani ya miti, kunde na mashudu.

Hatusemi mgomba ni sumu. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari humpa mnyama maji, na majani ya mgomba ni bora kuliko shina lake. Mpe, lakini usizidi robo ya mzigo wa siku.

Jambo la pili ni hili: mbuzi si ng'ombe mdogo. Ng'ombe ni mla nyasi, mbuzi kwa asili yake ni mla majani ya miti na vichaka. Kwa hiyo mzigo wake yafaa uwe wa namna mbalimbali. Nusu iwe nyasi, kama mabingobingo, guatemala au setaria, zikatwe zikiwa changa. Mabingobingo yaliyopita kiuno cha mtu huanza kuwa fito, na mbuzi hula ncha akaacha vijiti. Nusu nyingine iwe majani ya miti na ya mashamba: lusina, kaliandra, mforsadi, mashina na majani ya viazi vitamu, maganda ya maharage yaliyopurwa. Lusina isizidi theluthi ya chakula chote, kwa kuwa ina kitu ndani yake kinachomdhuru mnyama akila nyingi siku nyingi. Mtu asiye na nafasi na apande lusina na kaliandra mpakani na kando ya njia, maana hukatwa na kuchipua tena. Lakini masale ya mpaka msiyang'oe ili kupata nafasi. Hayo yana kazi yake ya kuonyesha mpaka, na ya kupelekwa kwa jirani siku ya kuombana radhi.

Majani yasitupwe chini. Yafungeni mafungu na kuyatundika kwenye kimo cha kichwa cha mbuzi, au yatieni katika hori iliyoinuka, kwa sababu mbuzi akikanyaga chakula chake au akikikojolea hakili tena. Watu humwita mwenye kiburi, lakini kiburi hicho humkinga na minyoo. Tena mletee zaidi kidogo kuliko anachoweza kumaliza. Yale yanayobaki asubuhi yatakwenda kwa ng'ombe au kwenye lundo la samadi. Aliyepewa kidogo hulazimika kula hata mabua, na aliyepewa kingi huchagua majani yenye nguvu.

Anayekamuliwa, au mwenye mimba ya mwezi wa nne na wa tano, aongezewe pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, jumla robo kilo mpaka nusu kilo kwa siku, kwa mara mbili. Chakula hiki kianzishwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 au 10. Ndani ya tumbo kubwa la mbuzi mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyovunja majani. Vilivyozoea majani haviwezi kupokea nafaka ghafula. Mbuzi akikata kamba akaingia stoo na kula mahindi mengi, tumbo lake hugeuka kuwa chachu kali, naye aweza kufa kabla ya siku mbili kupita. Mwiteni Bwana Mifugo saa ile ile, wala msimpe maji mengi mkidhani mtamwosha tumbo. Machicha ya mbege nayo yafaa yakiwa mapya na kidogo, yakichanganywa na majani. Yaliyoota ukungu mtupeni shimoni, hata kama mbuzi anayatamani.

Sasa habari ya sumu zilizo karibu nasi. Watu wachache wajua kwamba majani ya mparachichi humdhuru mbuzi. Kiwele huvimba na maziwa hukatika, na akila mengi moyo wake hudhurika, akafa. Mlimani kwetu miparachichi ni mingi, na mtu akipunguza matawi huona haya kuyaacha yaoze. Yaacheni yaoze! Majani mabichi ya muhogo nayo yana sumu, hasa ya muhogo mchungu. Yasipewe mnyama kabla hayajakauka vizuri. Tena msikate majani chini ya mibuni iliyopigwa dawa karibuni. Muulizeni aliyepiga dawa ni siku ngapi za kungoja.

Wakati wa kukata majani pia una maana yake. Viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya majani pamoja na umande, navyo hukaa zaidi sehemu ya chini karibu na udongo. Kwa hiyo tukate jua likishapanda, mundu upite juu kidogo, na majani yaachwe yanyauke kabla ya kupewa mbuzi. Kunyauka kwafaa pia kwa sababu nyingine: majani mabichi ya jamii ya kunde, yakiliwa yakiwa na maji ya mvua, hujaza tumbo hewa likawa kama ngoma.

Maji ni jambo fupi. Mbuzi mkubwa anahitaji lita 3 mpaka 5 kwa siku, na anayekamuliwa huzidi hapo. Yawe safi, mbele yake wakati wote, katika chombo kilichoinuka. Anayedhani kwamba mgomba watosha kuwa maji na apime maziwa wiki moja bila ndoo na wiki moja pamoja na ndoo. Chumvi nayo haina hadithi ndefu. Wazee walitumia magadi kutoka nyikani, nasi twaweza kutundika jiwe la chumvi la madukani mahali pasiponyeshewa.

Banda si lazima liwe la fedha nyingi, lakini sakafu yake iinuliwe kutoka ardhini kiasi cha nusu mita au zaidi. Itengenezwe kwa fito au mbao zenye mianya ya sentimita 1 na nusu hivi, ili mavi na mkojo vianguke chini na kwato zisinase. Mita 2 za mraba zamtosha mkubwa mmoja. Upande utokao upepo uzibwe, juu paachwe hewa. Toka Juni mpaka Agosti baridi ya mlimani ni kali, na mbuzi aliyeloa huku akipigwa na upepo hupata homa ya mapafu upesi. Kwa kuwa hatembei juu ya mawe, kwato zake hukua zikapinda. Zipunguzwe kila baada ya wiki 6 mpaka 8. Ikiwezekana mbuzi wawe wawili tangu mwanzo, maana mmoja peke yake hulia mchana kutwa na kula vibaya.

Mbuzi mgeni atokaye mnadani apewe uangalizi wa namna yake. Kabla ya kutoa fedha, mfunueni mdomo. Mwenye meno madogo yote manane ya mbele hajatimiza mwaka au ndio kwanza autimize. Mwenye mawili makubwa ana mwaka mmoja na kitu. Mwenye manane makubwa amefikia miaka 4 hivi. Muulizeni mwuzaji alikuwa akila nini, na akikubali mchukue mzigo wa chakula kile kile, ili mkichanganye na chenu kwa wiki ya kwanza. Kisha akae mbali na wenyeji wake kwa wiki 3. Jambo hili watu huliona gumu, kwa kuwa mgeni hulia na wenyeji humwitikia, lakini magonjwa mengine husafiri pamoja na mbuzi aonekanaye mzima.

Moja ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Si ile sotoka ya ng'ombe iliyoteketeza mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Hii ni ndugu yake, nayo ilithibitishwa katika Tanzania mwaka 2008, huku kaskazini. Mbuzi hupata homa, machozi na makamasi humtoka, vidonda huota mdomoni, kisha huhara. Dawa ya kuiponya hakuna, lakini chanjo ipo, na sindano moja hukinga kwa miaka 3. Yatupasa kumwuliza Bwana Mifugo wa kata habari ya chanjo siku ya kwanza, tusingoje kusikia kwamba mbuzi wa jirani wanakufa.

Minyoo nayo huua kimya kimya. Yupo mmoja anyonyaye damu tumboni, na njia ya kumtambua hata mtoto wa darasa la tatu aweza kujifunza: mfunue mbuzi ukope wa chini, utazame nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, ni vema. Ikiwa ya rangi ya waridi iliyofifia au nyeupe, damu imekwisha, apewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Tazameni kila wiki mbili, na zaidi wakati wa masika. Wala msiwape dawa wote kila mara bila kutazama, kwa sababu minyoo huizoea dawa hiyo ikawa kama maji.

Yatubidi kusema pia habari ya watu wenyewe. Katika miaka ya 2007 na 2008 madaktari waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za mjini Moshi, KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Walipopimwa sawasawa, wenye malaria ya kweli walikuwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki wengi walikuwa na homa zitokazo kwa wanyama, na mbili katika hizo, bruselosi na homa ya Q, huweza kupatikana kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma na mtoto aliyetupwa. Basi maziwa na yachemke mpaka yapande, hata kama bibi asema mabichi yana utamu. Anayemzalisha mbuzi avae mifuko au glovu mikononi, kondo lifukiwe mbali na mbwa, na mama mwenye mimba asiikaribie kazi hiyo. Mtu mwenye homa isiyokwisha amwambie mganga wa hospitali kwamba nyumbani ana mbuzi, maana asipoambiwa hatawaza.

Kitoto kikizaliwa, kitovu kipakwe iodini, na kabla ya saa moja kupita kinyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Kikiwa dhaifu, kikamulieni na kukinywesha kidogo kidogo. Kitoto cha kilo 2 chahitaji angalau robo lita hivi katika siku ya kwanza. Baada ya saa chache tumbo lake hufunga mlango, na kinga iliyomo katika dang'a haipiti tena mwilini. Wapo wanaoikamua dang'a na kuimwaga kwa kuiona chafu. Hao humwaga uhai wa kitoto.

Jike asipandishwe kabla hajafikia theluthi mbili za uzito wa mama yake, na beberu asiwe baba yake wala ndugu yake. Kihambani jambo hili husahauliwa, kwa kuwa beberu ni wa mtaa mzima. Anayetaka beberu hulia na kutikisa mkia, hukaa hivyo siku moja au mbili, na asipopata hurudia baada ya siku 21 hivi. Mimba ni siku 150. Aliyepandishwa katikati ya Mei huzaa katikati ya Oktoba. Maziwa yake hukutana na majani mapya ya vuli, na kitoto hupata miezi miwili au mitatu ya kukua kabla ya kiangazi cha Januari. Aliyepandishwa mwisho wa Oktoba huzaa mwisho wa Machi, masika yakiwa yamekwisha anza. Huyo atakuwa na majani tele, lakini yampasa apate ukuta upande wa upepo na majani makavu ya kulalia, vyote vikiwa tayari tangu Februari.